Kidirisha Chekundu cha Mwakalobo

Asubuhi hiyo Mhandisi Anyelwisye Mwakalobo alisimama nje ya choo cha ofisi yake mwenyewe, amebanwa, akisubiri mlango umfungukie. Aliyekuwa akimsubirisha ni Subilaga.

Hawakuwa wameonana hata siku moja. Subilaga alikuwa ng'ambo ya bonde, katika ukumbi wa Nyumba ya Kuitikia, amekaa kwenye kiti chake na spika masikioni. Mbele yake kioo kilionyesha kidirisha kilekile kilichoning'inia kwenye miwani ya Mhandisi: cheupe, kimefunguka nusu, katikati kiduara kinazunguka. Zaidi ya kidirisha hakuona kitu. Alisikia tu. Alisikia mtu mzima akihamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule, viatu vikilia sakafuni.

Sauti ya kikongwe ikasema polepole, "Anye, mwanangu. Umeamkaje?"

Ilikuwa sauti ya mama yake Mhandisi. Mama mwenyewe alikwisha kufa, lakini Kijiwe, mtandao uliobeba vidirisha vyote vya mji, kilikuwa kimeihifadhi.

Kazi ya Subilaga ilikuwa kujibu papo hapo kwa niaba ya mteja, "Nimeamka salama, mama," kisha duara lizunguke, kikongwe aulize la pili, tangazo la sabuni lipite, aulize la tatu, mlango ufunguke. Badala ya kujibu alifungua chupa ya maji. Akanywa. Akarudisha kifuniko, akakikaza vizuri.

"Wewe!" Mhandisi alinguruma masikioni mwake. "Mwitikiaji! Umelala?"

"Samahani, Mhandisi," alisema Subilaga kwa sauti yake ndogo. "Mtandao unasuasua."

"Jibu basi!"

"Nimeamka salama, mama."

Duara likazunguka. Lilizunguka kama mtu anayesaga mahindi kwa mkono mmoja.

"Na watoto hawajambo?" kikongwe akauliza.

Subilaga akatazama kucha zake. Ya kidole gumba ilikuwa imekatika. Akaitafuna ikalingana.

"Takataka gani hii!" Mhandisi alipiga mlango teke. "Mtu kabanwa, mlango unamuuliza habari za watoto! Mjinga gani alitengeneza kitu hiki?"

Kwenye kiti cha pili, Edina, aliyekuwa akiitikia kwa ajili ya mke wa mkuu wa mji, aliziba maiki yake kwa kiganja. Alikuwa amesikia, maana Mhandisi alipiga kelele hadi spika zikavuja. Machozi ya kicheko yakamtoka.

"Subi, shoga yangu," alinong'ona, "si katengeneza yeye?"

"Watoto hawajambo, mama," Subilaga akasema kwenye maiki. Kisha sabuni ikaanza kuimba.

Mlango ulipofunguka, Mhandisi hakuingia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejitazama suruali, "Mungu wangu."

Subilaga hakucheka. Alihisi kitu kitamu kikimshuka kooni, akakimeza taratibu ili kisiishe haraka.

*

Zamani Kijiwe kilikuwa mahali pa kuweka picha za harusi na kusengenyana. Baadaye bomba la maji la mtaa likahamia humo, kisha foleni ya zahanati, kisha milango. Katika Mji wa Mvuke hukuweza hata kuchota ndoo bila Kijiwe kukuletea kidirisha kwenye miwani. Watu wazima wakalalamika. Vidirisha vinakurukia usoni bila hodi, walisema, kama mlevi anayeingia msibani. Ndipo Mwakalobo, mwana wa hapahapa aliyesomea mbali, akaleta mpango wake alioupa jina la Adabu.

Kuanzia siku hiyo kila kidirisha kilisalimia kwanza. Kilisalimia kwa sauti ya mkubwa wa nyumba uliyoandikishwa, na hakikufunguka mpaka kiitikiwe na mtu hai, kwa utulivu, sauti isiyo na haraka. Wazee walimvisha Mwakalobo mgolole wa heshima na kofia yao. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba salamu zimezidi, kwani nani atasimama hadharani kupinga salamu? Wenye nafasi wakaanza kuajiri watu wa kuwaitikia, nao waitikiaji wakajengewa ukumbi. Wasio na nafasi wakabaki wamesimama kwenye mabomba na ndoo zao, wanaitikia wenyewe, wanasubiri.

Tumpe, dada yake Subilaga, alikuwa dobi. Dobi la mji lilijengwa bondeni kabisa, karibu na visima vinavyotoa mvuke wa kuzalisha umeme, kwa sababu maji ya moto yalipatikana huko bure. Bondeni ndiko hewa nzito ilikojikusanya inapotoka ardhini. Hainuki, haionekani. Inajaa chini kama maji yanavyojaa beseni, na mtu aliyechuchumaa anaacha kupumua kabla hajajua. Mashine za kuipima zilikuwepo, na siku ile zilifanya kazi. Zilimtumia Tumpe kidirisha chekundu.

Tumpe alikuwa ameolewa, na kwa hiyo ameandikishwa nyumbani kwa mumewe. Mkubwa wa nyumba ile ni baba mkwe wake, Mzee Asumwisye. Kidirisha kikamsalimia kwa sauti ya baba mkwe.

Kwa watu wa kule mke wa mtu hajibizani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, akimwona njiani anaingia shambani mpaka apite. Tumpe alilelewa hivyo. Aliposikia ile sauti alifanya alichofundishwa: alijifunika khanga kichwani, akageukia ukutani, akachuchumaa, akasubiri mzee apite.

Subilaga ndiye aliyeletewa habari kwamba walimkuta bado amejifunika. Miwani ilikuwa inaendelea kuuliza, "Hamjambo huko?"

Wenye Kijiwe walituma kidirisha cha rambirambi. Nacho kilikuja kwa sauti ya Mzee Asumwisye, na katikati yake sabuni iliimba. Mzee mwenyewe alikuwepo msibani, akajisikia akitoa pole kutoka kwenye miwani za watu. Alitoka nje. Tangu hapo hakuzungumza tena na mtu. Akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole.

Subilaga alipeleka lalamiko. Dirisha la malalamiko lilimsalimia, akaitikia. Likamuuliza habari za shamba, akaitikia. Mwisho likamwambia, "Tunathamini maoni yako," likajifunga.

Akaenda kuomba kazi Nyumba ya Kuitikia. Alikaa pale akiitikia kwa ajili ya wafanyabiashara, makasisi, mtu mmoja aliyekuwa na wake wawili wasiojuana. Hakuiba siri, hakupiga soga. Mama Kissa, msimamizi wa ukumbi, alimpenda kwa hilo.

"Wewe mtoto huna maneno," alimwambia siku moja akimshika bega. "Wakubwa wanataka mtu wa namna hiyo. Nitakupa Mwakalobo. Wenzako watatu kawatukana hadi wakalia. Utamweza?"

"Nitajitahidi, mama," Subilaga alisema, akainamisha macho ili yasionekane.

*

Alimcheleweshea chai ikapoa. Alimcheleweshea kikao, akafika wenzake wakiwa wamekwisha kupiga kura. Alimcheleweshea mjukuu wake aliyempigia ili amwonyeshe jino lililong'oka, mpaka mtoto akachoka akakata. Hakuna aliyemshuku, kwa kuwa kila mtu mjini alikuwa anacheleweshwa. Nani angetofautisha uvivu wa mtandao na chuki ya mtu?

"Utakuja kufukuzwa," Edina alimwambia wakati wa chakula, akimega ndizi. "Ujue mimi si kipofu. Unamfanyia makusudi."

"Namfanyia nini?"

"Usinifanye mtoto. Jana kakaa kwenye lifti mpaka kaimba pambio."

"Aliimba vibaya," alisema Subilaga.

Edina alicheka hadi akapaliwa. Kisha akaacha kucheka, akamtazama mwenzake. "Na ukishatosheka?"

Subilaga alikusanya maganda ya ndizi, akayatupa. Alijua kwamba kutosheka hakujaanza hata kidogo. Kila alipomsikia Mhandisi akihema kwa hasira alimwona Tumpe ameelekea ukutani. Choo na chai ni nini mbele ya hilo?

Mchana huo baada ya chakula Mhandisi aliacha laini wazi, kama alivyofanya kila akienda kuoga. Subilaga alisikia maji yakichuruzika na mwangwi wa kuta. Alisikia Mhandisi akijimwagia na kuguna kwa raha.

Kioo mbele yake kikawaka. Kingo za kidirisha zilikuwa nyekundu.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye maiki, kwa mazoea. Akaurudisha.

"Anye, mwanangu," kikongwe akasema. "Umekula?"

Kila mwitikiaji alifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: chekundu ni hatari, kijibiwe hata kama unazaa. Maandishi ya ndani aliyaona mwenye miwani peke yake, tena baada ya salamu kuisha. Mwitikiaji aliona rangi tu.

"Mwitikiaji," Mhandisi aliita. Maji yalisikika yakimwagika, alikuwa ameinuka. "Nimeletewa chekundu. Jibu."

Subilaga alinyamaza.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Mhandisi."

"Sasa?"

"Uko wapi?"

"Swali gani hilo! Niko kwenye bafu la mvuke, dimbwi la chini. Jibu!"

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, nimelikodi lote. Dada, hiki ni chekundu! Chekundu!"

Akaiweka chupa ya maji chini, mbali na mikono yake. Mara ngapi alikuwa ameota kumsukuma mtu huyu kutoka juu ya ngazi, kumtilia kitu kwenye kikombe, mambo ambayo mikono yake isingeweza kamwe? Na sasa kumuua hakukuhitaji hata kidole. Kulihitaji kunyamaza, na kunyamaza ndicho kitu alichokiweza kuliko watu wote aliowajua.

"Anye," kikongwe akarudia. "Umekula, mwanangu?"

"Ondoka basi humo," Subilaga alisema. "Si una miguu."

"Niondokee wapi? Kuna ngazi na kuna njia ya chini. Kama bomba la mvuke limepasuka, ngazi itanichemsha kama kiazi. Kama ni hewa nzito, ile njia ya chini ni kaburi. Lazima nisome ni kipi! Jibu, nakuomba."

"Jibu mwenyewe."

"Siwezi! Nilipokuajiri sauti yangu iliondolewa. Kuirudisha inabidi nifungue mipangilio."

"Ifungue."

Akamsikia akijaribu. Akasikia kidirisha kingine kikifunguka nusu juu ya kile cha kwanza, na sauti ileile ya kikongwe: "Anye, mwanangu. Umeshindaje?"

Mhandisi akatukana tusi ambalo Subilaga alikuwa hajawahi kulisikia kwa mtu mwenye kofia ya wazee.

"Kwa hiyo unasubiri," alisema Subilaga.

"Nasubiri!"

"Tumpe naye alisubiri."

"Nani?"

"Dada yangu. Dobi. Alijifunika khanga."

Maji yalidondoka mahali fulani.

"Ile ya... yule aliyekutwa..." Mhandisi alimeza mate. "Tulituma pole."

"Ilikuja na sauti ya baba mkwe wake."

"Dada, sikiliza. Mambo haya tutayazungumza. Nitakuja mimi mwenyewe kwenu, nipige magoti. Fungua kwanza."

"Mama yako alikuwa anajibizana na baba mkwe wake?"

"Nini?"

"Huyu anayekuuliza kama umekula. Alikuwa anajibizana na babu yako?"

Mhandisi alipojibu, sauti ilikuwa imepungua. "Hapana. Alikuwa akiingia migombani. Mimi ndiye nilikuwa natumwa kumwambia kwamba babu kapita."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Sikufikiri tu. Naapa, sikufikiri."

"Na chekundu? Kwa nini chekundu nacho kinasalimia? Mtu anakufa, unamwimbia sabuni?"

"Si mimi peke yangu niliyeamua."

"Sikuulizi mlikuwa wangapi."

"Kwa sababu chekundu kila mtu anakikodolea macho!" alipiga kelele, na kelele zikavunjika katikati. "Cheupe watu wanatazama pembeni, wanapiga miayo. Chekundu hawapepesi. Tangazo la ndani ya chekundu linauzwa ghali kuliko yote. Ndiyo hiyo. Umeridhika? Fungua, dada. Fungua, naanza kuona kizunguzungu."

Alikuwa analia. Mtu aliyevishwa mgolole alikuwa analia uchi ndani ya dimbwi, na mama yake akimuuliza kama amekula. Subilaga alikaa wima kwenye kiti. Ule utamu ulimjaa kifua kizima sasa. Aliutaka uendelee. Alitaka alie zaidi, alitaka amtaje Tumpe kwa jina, alitaka aitikie mwenyewe, na kikongwe asimsikie.

"Sema jina lake," alisema.

"Tumpe," Mhandisi alilia. "Tumpe, Tumpe."

Ndipo mtu akakohoa.

Hakuwa Mhandisi. Kikohozi kilitoka mbali, chini, kikavu, cha mwanamke. Kikaja tena, safari hii kirefu.

"Nani huyo?" Subilaga aliuliza.

"Nani?"

"Anayekohoa. Ulisema uko peke yako."

"Niko peke yangu." Mhandisi alikuwa anahema. "Aa, huyo. Ni mama wa taulo tu."

*

Subilaga aliivuta maiki hadi ikamgusa meno. "Nimekula, mama!"

Duara likazunguka.

"Sijakusikia, mwanangu," kikongwe akasema kwa upole. "Sema taratibu."

Adabu haikukubali sauti yenye haraka. Subilaga alijua hilo kuliko jina lake. Akafumba macho, akashusha pumzi, akaziba kifua kwa mkono kama mtu anayezuia mlango.

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Ndizi. Ndizi na maharage, mama."

Duara likazunguka. Sabuni ikaanza kuimba, watoto watatu wakiruka kwenye povu. Subilaga alikipiga kioo kwa ngumi. Watoto waliendelea kuruka. Edina alikuwa amevua spika zake, amesimama.

"Subi, una nini?"

"Ananyanyuka?" Subilaga aliuliza kwenye laini. "Mhandisi! Huyo mama, anafanya nini?"

"Ameketi. Anakunja taulo. Ameinama."

"Amekaa chini?"

"Chini, ndiyo, kwenye kikapu. Kidirisha, dada, kidirisha kimefika wapi?"

"Mwambie asimame!"

"Mama!" alimsikia Mhandisi akiita. "Ewe mama!" Halafu, kwa Subilaga, kama mtu anayeshitaki: "Hasikii."

Watoto wa sabuni wakamaliza. "Na wote nyumbani ni wazima?" kikongwe akauliza.

Subilaga alilainisha midomo kwa ulimi. Aliisikia sauti yake ikitoka tulivu, yenye heshima, sauti aliyolipwa kwa ajili yake, na aliichukia.

"Wote wazima, mama."

Duara likazunguka, likazunguka, likakwama, likazunguka. Kidirisha kikafunguka.

"Hewa nzito!" Mhandisi alisoma kwa sauti. "Panda juu!"

"Mbebe huyo mama!"

Alisikia maji yakipasuka. Alisikia nyayo tupu zikipiga vigae, kisha zikipiga chuma cha ngazi, haraka, haraka, haraka sana kwa mtu aliyebeba mtu.

"Umembeba? Mhandisi! Umembeba?"

Nyayo hazikupunguza mwendo. Mlango uligongwa. Upepo ukaingia kwenye maiki. Mhandisi alikuwa nje, anavuta hewa kwa mikoromo.

"Rudi," alisema Subilaga.

"Nilidhani ananifuata."

"Rudi umchukue!"

"Siwezi. Nikirudi nakufa. Wanakuja wenye mitungi ya hewa, nawaona, hao wanakuja."

Ukumbi mzima ulikuwa kimya, maana Edina alikuwa amezima kelele za wengine kwa mkono, akiwaashiria wasikilize, bila yeye mwenyewe kujua wanasikiliza nini. Laini ilikuwa wazi. Zilisikika buti zikishuka. Zikapanda, nzito. Mtu mmoja akasema, "Mlaze hapa." Mwingine akahesabu akikandamiza kifua, akahesabu tena, akaacha kuhesabu.

"Wamemfunika," Mhandisi alisema.

"Anaitwa nani?"

"Jina lake? Sijui."

Nyuma yake mwanamume mmoja alijibu kwa hasira, kama vile swali lile lilikuwa la Mhandisi. "Ikupa. Anaitwa Ikupa. Kila siku anakupa taulo, mzee."

Nyayo zikasogea. Mhandisi alikuwa anaenda pembeni. Aliposema tena alikuwa ameshusha sauti, na kilio hakikuwemo tena ndani yake. Ilikuwa sauti ya kikao.

"Sikiliza, binti. Mimi na wewe tumo ndani ya hili pamoja. Nikisema ulininyima jibu, utafungwa. Ukisema niliyoyasema kuhusu tangazo, nami... basi. Kwa nini tuharibiane? Tutasema kidirisha kilichelewa. Nani atabisha? Kila mtu anajua vinachelewa."

Subilaga alipandisha sauti ya spika.

"Nitakutafutia nafasi nzuri. Utaacha kuitikia. Na dada yako, yule... Tumpe, tutamwekea jiwe zuri. Unasemaje?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomfanya Subilaga ashike ukingo wa meza. Kila mtu angeamini. Aliyemuua Tumpe alikuwa kidirisha kilichochelewa, na aliyemuua Ikupa angekuwa kidirisha kilichochelewa, na Mwakalobo angekausha nywele zake arudi ofisini. Angeweza kumwangusha kwa njia moja tu, na ndani ya njia hiyo wangeanguka wote wawili. Alijipima. Alikuta hana hata chembe ya kumhurumia. Alikuta pia hana chembe ya kujihurumia, na hilo lilimshangaza kwa jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Subiri hapohapo kwenye laini," alimwambia. "Nataka usikie."

Akaigeuza spika yake ielekee ukumbini, akasimama. Hakuwahi kusimama katika ukumbi ule isipokuwa kwenda kula. Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini hakuna kidirisha chochote kilichohitaji itulie.

"Naitwa Subilaga, mdogo wake Tumpe wa dobi," alisema. "Sasa hivi kuna mama anaitwa Ikupa amekufa kwenye bafu la mvuke. Mhandisi Mwakalobo aliletewa chekundu, mimi nikakataa kuitikia. Nilikataa makusudi. Nilitaka afe. Sikujua kwamba kuna mtu mwingine, kwa sababu nilimuuliza, naye akasema yuko peke yake."

"Kaa chini, mwanangu," Mama Kissa alikuwa anakuja mbio katikati ya viti. "Kaa chini, usiseme kitu."

"Na kabla mama huyo hajafa, Mhandisi aliniambia kwa nini chekundu kinasalimia. Ni kwa sababu mtu anayekufa haondoi macho kwenye tangazo. Ndivyo ilivyo, Mhandisi? Waambie. Yuko hapa, anawasikia. Akamwacha yule mama kwenye kikapu chake, akapanda ngazi mwenyewe. Tumemuua sisi wawili. Andikeni wawili."

Kutoka kwenye spika ilisikika pumzi ya mtu. Kisha laini ikakatwa.

Vioo vilikuwa vinawaka ukumbi mzima, vikongwe na wazee wakiuliza habari za mchana, za watoto, za shamba, na hakuna aliyewaitikia. Mahali fulani mjini milango ilikuwa imefungwa mbele ya wakubwa wote waliokuwa na haraka.

"Bafu la mvuke?" alisema mwanamke mmoja wa safu ya nyuma, spika zikiwa shingoni. "Ikupa? Ikupa mrefu?"

"Unamjua?" Subilaga aliuliza.

"Tunakaa uzio mmoja. Anaishi na binti yake tu, hana mume." Akaziba mdomo. "Huyo mtoto sasa hivi yuko nyumbani, anapika."

Subilaga aliitazama miwani iliyokuwa juu ya meza ya Edina, kisha akamtazama yule mwanamke, na wote wawili wakafika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Binti alikuwa ameandikishwa kwa mama yake. Mkubwa wa nyumba ile alikuwa Ikupa. Kidirisha cha msiba bila shaka kilikuwa kimekwisha kutumwa, na kabla ya kumwambia binti lolote kingemwita kwa sauti ya mama yake, kimuulize ameshindaje.

"Nipeleke," alisema Subilaga.

"Watakukamata kabla hujafika getini."

"Nipeleke. Asikie kwangu."

Yule mwanamke alitupa spika kwenye kiti, akamshika mkono, wakatoka mbio ukumbini, Mama Kissa akiwaita nyuma. Nje njia ilikuwa inapanda, ndefu, imejaa watu waliosimama mbele ya milango na mabomba, wanasubiri. Subilaga alikimbia katikati yao akiomba kwa sauti, bila kujali nani anamsikia, kile kidirisha kikwame, kizunguke na kuzunguka, kichelewe.